Sura ya Saba: Mkono wa Yaya

Msumari alifika kituo cha polisi akiwa ameshakasirika, na mlango ukamwongezea, maana ulibandikwa neno VUTA na kumbe ni wa kusukuma. Konstebo wa kaunta alimtazama viatu, akalitazama begi lake lililochakaa, kisha akamwonyesha kwa kidole benchi la kusubiria.

"Sikuja kukaa," Msumari alisema. "Mmemfungia shahidi wangu. Niitie mkubwa wako."

Jina hilo alipewa na wenzake wa Ofisi ya Ajali za Ndege. Si kwa wembamba, kwani mama huyu hakuwa mwembamba hata kidogo. Ni kwamba akishapigiliwa mahali, hang'oki bila kuondoka na kipande cha ubao. Wakubwa wake walimheshimu na kumkwepa kwa kiasi kilekile, na safari hii walikuwa wamemwomba aende polepole, mambo yapoe kwanza. Yeye hakuona sababu ya mambo haya kupoa.

Wiki moja nyuma, asubuhi njema ya jua, bila wingu wala upepo, ndege ya abiria ilikuwa inakuja kutua. Injini zilikuwa nzima, mafuta yalikuwa tele. Ikaangukia kwenye shamba la mahindi, jirani kabisa na uzio wa uwanja. Kapteni alifia kitini, na abiria wa safu za mbele walikufa pamoja naye. Ndege nzima, hewa nzima, watu maiti. Msumari alikuwa amechunguza ajali za dhoruba, za moto, na moja ya kundi la korongo lililoingia kwenye injini. Zote alizihuzunikia, kisha akalala. Hii ilimnyima usingizi kwa hasira tupu.

Inspekta alimpokea kwa adabu, akamvutia kiti, akaweka mezani mfuko wa plastiki wenye kipande cha waya.

"Mama, kazi yako imekwisha," alisema. "Mhusika tunaye ndani. Fundi. Jioni ya kabla ya safari alichomoa kifaa kwenye ndege, akakata na waya huu, halafu hakumwambia mtu. Tena alikuwa amegombana na wakubwa wake. Alisema mbele ya watu, 'Mtanikumbuka.' Kesho asubuhi namfikisha mahakamani kwa mauaji."

"Kifaa gani alichochomoa?"

"Kile cha... cha kuendeshea."

"Nipe mkasi."

Alipewa. Msumari aliangaza macho mezani, akaona chaja ya simu, akaikata kwa pigo moja.

"Chaja yangu!"

"Nitakununulia nyingine. Tazama hapa." Alisogeza ncha ya chaja karibu na mfuko. "Huu nimeukata mimi. Ncha yake ni bapa. Sasa tazama wako. Shaba yake imevutika, imekuwa nyembamba mwishoni kama ubani uliotafunwa ukavutwa. Waya huu haukukatwa na mtu, afande. Ulivutika ndege ilipopasuka. Ziko nyaya za namna hii shamba zima, ukitaka nikuletee gunia."

Inspekta alitazama waya, akaitazama chaja yake, na haikujulikana kipi kilimuuma zaidi. Akaamuru fundi aletwe.

Fundi aliletwa akiburuta viatu visivyo na kamba. Alikuwa mtu wa makamo, kucha bado zina weusi wa grisi, shati lina mikunjo ya kulalia sakafu. Hakusubiri kuulizwa.

"Mama, mimi sikuua mtu. Mke wangu anatukanwa sokoni. Mwanangu kaambiwa shuleni babake ni jini la ndege. Mimi sikuua mtu!"

"Kaa. Nieleze ulichofanya, kana kwamba afande huyu hajawahi kupanda hata baiskeli."

Fundi alikaa, akapumua, na alipoanza kueleza kazi yake sauti ilimtulia. Ndege hizi, alisema, zinajiendesha zenyewe, karibu tangu ziache ardhi mpaka zikaribie kuigusa tena. Mtambo unaoziendesha marubani wanauita Yaya, kwa sababu anabeba, anabembeleza, hata kulisha angelisha. Yaya ana mikono miwili. Mmoja unashika usukani. Mwingine unashika nguvu ya injini: ndege ikipunguza mwendo, vishikio vya injini, vile vilivyo kati ya viti vya marubani, vinasogea mbele vyenyewe, ikizidi, vinarudi nyuma vyenyewe.

"Ule mkono wa injini ulikuwa umeanza kuchezacheza. Sheria inaturuhusu. Mkono mbovu unaufunga, unabandika kibandiko chekundu, ndege inaruka, rubani anasukuma vishikio mwenyewe mpaka kipuri kifike. Siyo jambo la ajabu. Zamani wote walikuwa wanasukuma wenyewe."

"Kibandiko hatukukipata," Inspekta alidakia.

"Upande wa kushoto wa pua umekuwa unga, afande," Msumari alimjibu. "Hata kiti cha Kapteni tumekikusanya kwa ungo." Akamgeukia fundi. "Ulimwambia nani?"

"Kapteni mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, nimesimama mlangoni kwake. Nikamwambia, 'Mzee, leo Yaya ana mkono mmoja.' Akacheka. Akasema yeye alikuwa anarusha ndege Yaya hajaajiriwa bado."

"Na hilo la 'mtanikumbuka'?"

"Walininyima likizo mtoto akiwa na homa. Nikasema naacha kazi, mtanikumbuka. Kwani wewe ukinyimwa likizo unaimba?"

Msumari nusura acheke. Inspekta alifungua jalada lake, akasoma polepole. Rubani msaidizi, manusura pekee wa chumba cha mbele, alikuwa ameandika kwamba hawakuambiwa chochote kuhusu kifaa kilichofungwa.

"Ulimhoji mwenyewe?"

"Yuko hospitali, miguu imevunjika. Maelezo aliniletea Mkuu wa Marubani wa shirika. Ni mjomba wake, tena mtu mstaarabu sana."

Msumari alilifunga lile jalada kwa kiganja. Shahidi hakuhojiwa na polisi, akahojiwa na bosi wake, na bosi mwenyewe ni mjomba.

"Usimpeleke fundi huyu popote mpaka nikupigie simu."

"Mama, kesho asubuhi. Wananchi wanadai mtu."

"Wananchi wanadai ukweli. Wewe umewapa huyu kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu na mkono wako."

*

Rubani msaidizi alikuwa binti mdogo kuliko wenzake wote kazini, ndiyo maana walimwita Kinda. Alilala chali, miguu yote miwili imefungwa plasta na kuning'inizwa, na mama yake alikuwa kitandani nyuma ya kichwa chake akimsuka nywele. Mezani palikuwa na maua makubwa, ya bei, bado yamo kwenye karatasi yake.

"Kaka yangu ndiye aliyeyaleta," mama alisema alipoona Msumari anayatazama. "Mkuu wao. Karibu, dada, kaa."

Msumari alikaa. Aliuliza hali, akaambiwa nafuu ipo, akatoa pole zake kama inavyopasa. Kisha akaingia kazini.

"Mwanangu, umeandika kwamba fundi hakuwaambia kitu."

"Ndiyo, mama." Kinda alikuwa anaongea na dari.

"Sawa. Nifundishe basi, mimi sijui. Ndege ikitaka kuruka, ni nani anasukuma vishikio vya injini?"

"Kapteni anabonyeza kitufe, halafu Yaya anavisukuma."

"Na siku ile alibonyeza?"

"Alibonyeza."

"Kisanduku cheusi cha sauti kiliharibika, lakini cha mitambo kinasema hakubonyeza." Msumari hakupandisha sauti. "Vishikio vilisukumwa taratibu, vikasita katikati, vikaendelea. Yaya hasiti, mwanangu. Yaya anasukuma mara moja tu. Huo ulikuwa mkono wa mtu. Sasa, mtu ambaye hakuambiwa angeanza na kitufe kama kila siku, king'ora kimlilie, ashangae, ndipo asukume mwenyewe. Kapteni kitufe hakukigusa kabisa. Alijua. Na kama alijua, ni nani aliyemwambia?"

Vidole vya mama vilisimama kwenye nywele.

"Mwanangu," alisema, "mbona hujibu?"

"Mjomba alisema..."

"Alisema nini?"

"Alisema nikisema tuliambiwa, lawama itakuwa ya kwetu, mimi na marehemu. Nitanyang'anywa leseni. Alisema fundi atapata wakili, ataachiwa tu."

"Fundi analala sakafuni," Msumari alisema. "Kesho atasimama kizimbani aitwe muuaji, na mwanawe ameshaambiwa hayo shuleni. Wakili hana."

Kisha mama alizunguka kitanda, akasimama mahali ambapo bintiye hakuweza kumkwepa kwa macho.

"Mjomba wako hakukuzaa," alisema. "Sema!"

Kinda alisema, akilia. Fundi alikuja mlangoni, ndiyo, na walicheka wote watatu habari ya Yaya mwenye mkono mmoja. Kuruka waliruka vizuri. Huko juu Kapteni alikumbuka vizuri, kila mara anagusa vishikio mwenyewe. Walipoanza kushuka, mnara wa kuongozea ndege ukawaambia wabadilishe njia ya kutulia, watue upande wa pili. Ni jambo la kawaida, hutokea kila siku. Kapteni akainamia vitufe kumweleza Yaya njia mpya. Alikuwa amerudisha vishikio nyuma kupunguza mwendo, na mkono wake wa kulia ulibaki juu yake.

"Sisi wote tunaweka mkono pale, mama. Tumefundishwa. Vishikio vinasogea vyenyewe, na mkono unavifuata. Ukiuona mkono wa mtu pale unajua mambo yako sawa." Alijifuta kwa shuka. "Niliona mwendo unashuka. Nikasema, 'Mzee, mwendo.' Akasema, 'Naam.' Nikaona mkono wake uko pale pale, nikajua anashughulikia. Kumbe mkono ulikuwa unangoja vishikio viende wenyewe. Ulikuwa umepanda tu kama abiria."

"Ukasema mara ya pili?"

"Sikusema."

"Kwa nini?"

"Ni mtu mzima. Amenifundisha kazi. Ningeutoaje mkono wake?" Alijifuta tena. "Usukani ulipoanza kutetemeka, ishara kwamba ndege inataka kuanguka, ndipo niliweka kiganja changu juu ya mkono wake nikausukuma pamoja na vishikio. Nguvu za injini zilikuja, lakini ardhi ilikuwa imeshafika."

Msumari alifahamu sasa ile alama ya mwisho kwenye kisanduku cheusi, vishikio kwenda mbele kabisa muda mfupi kabla ya kishindo. Kulikuwa na jambo moja zaidi alilotaka kujua, na alihofia jibu lake.

"Mwanangu, ni lini mara ya mwisho uliitua ndege kwa mikono yako mwenyewe, tangu huko juu, bila Yaya?"

"Shuleni," Kinda alisema. "Na ile ilikuwa ndege ndogo."

"Na kazini?"

"Kazini ni zile nukta za mwisho tu, magurudumu yakikaribia. Mjomba ameweka sheria. Ukimzima Yaya mapema, kompyuta ya ofisini inakutaja, kesho yake unawekwa kiti moto. Anasema Yaya anatumia mafuta vizuri kuliko sisi, na abiria hawatikisiki. Mtihani wa kila mwaka wa simuleta, ile ndege ya mfano, ni uleule, hitilafu zilezile kwa mpangilio uleule. Tunaukariri kama watoto wa darasa la kwanza."

"Na mtu akiomba kufanya mazoezi ya mkono?"

"Kapteni aliomba." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Zaidi ya mara moja. Mjomba alimwambia akitaka mazoezi akanunue baiskeli."

Msumari aliinuka akaenda dirishani. Tangu asubuhi alikuwa ametafuta mtu wa kumkasirikia, na kila aliyemshika alikuwa na udhuru wa haki. Fundi alifunga mkono mbovu na akasema. Kapteni aliona kutu inamwingia, akaomba mazoezi, akachekwa. Binti huyu alilelewa na Yaya mpaka akawa rubani wa kutazama. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na aliyewalea hivi alikuwa mtaani anagawa maua.

"Dada," alimwambia mama, "namwita Inspekta aje hapa ayasikie haya kwa masikio yake. Usitoke, na mtu mwingine asiingie."

"Hata kaka yangu?"

"Kaka yako nakwenda kumwona mimi."

*

Simuleta ya shirika ilikuwa kwenye ukumbi mkubwa unaonuka mpira na hewa ya viyoyozi: chumba cha rubani cha mfano, kisicho na mabawa wala mkia, kimeinuliwa juu ya miguu ya chuma inayokitikisa kama kitu cha kweli. Mkuu wa Marubani alimpokea kwenye ngazi. Sare yake ilikuwa imepigwa pasi ya kukata kidole.

"Nasikia unamtetea fundi," alisema. "Mama, mimi nakuheshimu, lakini ndege ile ilitolewa kifaa."

"Kapteni aliambiwa."

"Nani kasema?" Aliuliza haraka mno.

"Kisanduku cheusi." Jina la Kinda hakulitaja bado.

Mkuu alitabasamu, akabadilisha njia bila kusita. "Basi kama aliambiwa, kosa ni lake. Mungu amrehemu, lakini tuseme kweli. Alikuwa amezeeka. Rubani wa kweli haangushi ndege siku ya jua."

"Ukuni ulio uchagani humcheka ulio motoni," Msumari alisema. "Panda. Nionyeshe rubani wa kweli."

Alipanda, tena kwa furaha. Alikaa kiti cha kushoto, akafunga mkanda, akasugua viganja. Msumari alikaa nyuma yake. Mwalimu wa simuleta, mtu mwenye macho ya usingizi, alikaa pembeni kwenye meza ya vitufe, na ndiye ambaye angesema maneno ya mnara.

"Sikufichi kitu," Msumari alimwambia Mkuu. "Asubuhi ile ile, njia ile ile. Yaya anashika usukani. Mkono wake wa injini nimeufunga, na kibandiko chekundu hicho hapo mbele ya pua yako. Mwendo ni wako. Sitakusemesha wala sitakugusa."

"Hii ni kazi ya wanafunzi," Mkuu alisema, na chumba kikaanza kutikisika.

Mwanzoni alifanya vizuri. Alisukuma vishikio, akavirudisha, akapiga na mluzi kidogo. Chini kwenye kioo mashamba yalipita, na mbele njia ya kutulia ilionekana nyeupe juani. Akarudisha vishikio nyuma kupunguza mwendo. Hapo mwalimu akasema, kwa sauti ya uvivu ya mnara, kwamba watue upande wa pili. Mkuu akaitikia, akainamia vitufe, akaanza kumweleza Yaya njia mpya. Mkono wake wa kulia ulibaki juu ya vishikio.

Msumari aliutazama ule mkono. Ulikuwa umetulia, una pete, kucha zimekatwa vizuri. Mshale wa mwendo ulikuwa unashuka. Yaya, kwa kuwa alitakiwa kuifuata njia na hakuwa na nguvu za kuifuatia, alikuwa anainua pua ya ndege kidogo kidogo. Mkono haukusogea. Msumari alitaka kupiga kelele, na ilibidi aume mdomo kujikumbusha kwamba hapa hakuna atakayekufa.

Usukani ukatetemeka. Mkuu akainua kichwa.

"Mbona hausukumi?" alisema.

Akabonyeza kitufe cha Yaya. Akakibonyeza tena, kwa nguvu zaidi, kibandiko chekundu kikimtazama. Kisha akavuta usukani kwa mikono yote miwili, jambo baya kuliko yote kwa ndege iliyoishiwa mwendo, na chumba kikalala upande, kioo kikawa ardhi tupu, kikawa cheusi.

Miguu ya chuma ilishusha pumzi. Mwalimu alisogea kwenye skrini yake.

"Vishikio havikuguswa kabisa," alisema. "Ile ya kweli mtu alivisukuma mwishoni, ndiyo maana ilifika shambani ikakaa kwa tumbo, na waliokaa nyuma wakapona. Hii imeingia kwa bawa, nje ya shamba, kwenye nyumba."

"Mmenivuruga," Mkuu alisema.

"Nani kakuvuruga? Sikusema hata neno."

"Mnara umebadilisha njia!"

"Mnara hubadilisha njia kila siku ya Mungu." Msumari alisimama, na sasa hakuijali tena sauti yake. "Rudia. Mzime Yaya kabisa, hakuna kubadilishiwa njia, hakuna kitu. Itue tu kwa mikono, kama ulivyoitua siku ulipopewa leseni."

Alirudia. Ndege ilikwenda kulia, akairudisha ikapitiliza kushoto, akapanda alipotakiwa kushuka na kushuka alipotakiwa kutulia, akihema. Ile pasi ya sare ilikuwa imeishia mgongoni kwa jasho. Njia ya kutulia ilipita pembeni, na simuleta ikaenda kusimama kwenye nyasi, ikitikisa meno ya wote watatu. Mwalimu wa simuleta aliinuka akatoka nje bila kuaga.

Mkuu hakufungua mkanda. Alikaa akitazama viganja vyake.

"Sikuwa hivi," alisema.

"Najua. Hakuna aliyekuwa hivi. Umewafanya kuwa hivi, na wewe mwenyewe ukawa wa kwanza. Kesho nataka sheria yako ifutwe. Na rubani yeyote asiyeweza kuitua kwa mikono abaki chini mpaka aweze."

"Nikiwashusha wote wasioweza, mama, hakuna ndege yetu itakayoruka."

"Basi zisiruke."

Alicheka kidogo, bila furaha. Kisha akageuka kitini, na ule ustaarabu wake ukarudi usoni. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mambo yanaweza kumalizika kwa wema. Yeye angekwenda kwa Inspekta leo hii, aseme mpwa wake alikumbuka vibaya, fundi alale kwake. Ila ripoti iseme kosa la Kapteni, basi, isiguse sheria wala simuleta. Kapteni hana mtoto, mkewe alishatangulia. Haitamuumiza mtu.

"Asiyekuwapo na lake halipo," Msumari alisema. "Siyo?"

"Ni fundi wako ninayemfikiria. Ufunguo wa mlango wake uko mfukoni mwangu. Ukikataa, kesho atasimama kizimbani."

Msumari alipiga hesabu. Fundi alikuwa analala sakafuni. Inspekta alishaitwa hospitali, lakini kuitwa si kufika, na Kinda aliyesema mbele ya mama yake angeweza kunywea mbele ya polisi. Alimwona yule mtoto wa fundi asiyemjua, amekaa peke yake darasani. Ilimchoma kwamba mtu huyu alijua hasa pa kumbana.

Simu ya Mkuu ililia. Alitazama jina, akaipokea kwa tabasamu la kuomba radhi. "Dada, nitakupigia, nina..."

Sauti ya dada yake haikuhitaji kuongezwa. Ilijaa chumba.

"Usinipigie! Sikiliza. Inspekta amekaa hapa kitandani. Mwanangu amesema yote, ameyawekea na sahihi, pamoja na wewe ulivyomfundisha kusema uongo huku umemshikia maua. Inspekta amepiga simu kituoni, fundi wa watu anatolewa sasa hivi, na wewe anakuja kukuchukua. Umesikia?"

"Dada, nilikuwa namlinda mtoto wetu. Leseni yake..."

"Maua nimeyatupa. Nina swali moja, kaka, halafu sitakuuliza tena jambo maishani. Kinda anasema alimsukumia marehemu mkono, akachelewa, na analia kwamba ameua watu. Hanyamazi. Daktari amemshindwa. Sasa niambie wewe mkubwa wao. Siku ile, kama kwenye kile kiti cha marehemu ungekuwa umekaa wewe, mwanangu angepona?"

Mkuu alimtazama Msumari. Msumari hakumsaidia. Alingoja aseme uongo, tena alitamani aseme, apate kumchukia mpaka mwisho. Kwenye kioo cha mbele ndege ya mfano ilikuwa bado imesimama kwenye nyasi.

"Jibu!" dada yake alisema.

"Angekufa, dada," alisema Mkuu. "Mwambie asilie. Kwangu mimi mngezika wote."